Yaya, Ulinyoa Juu ya Nani?

Butembo, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Yaya Melchior,

Pokea salamu nyingi, kaka yangu mukubwa, kutoka hapa nyumbani, Rughenda. Sisi tuko bazima kwa neema ya Mungu. Bwana yangu Jean-de-Dieu anaendelea na biashara yake ya mbao, mvua iliharibisha barabara mais malori inapita. Batoto banasoma. Ndege bado zinapita juu ya bati yetu kila asubuhi, na huyu wetu wa mwisho anaziiga na mudomo mpaka kichwa inatuuma. Mama anakusalimia sana. Yuko Kipese, anachunga biazi yake. Unamujua: ukimuambia apumzike anakuuliza nani alikuambia yeye amechoka.

Sasa tuingie katika maneno.

Unasema simu yangu inaita na hakuna mutu anaishika. Ni kweli. Réseau ya hapa inasumbua, na tena mimi nilichoka na simu. Nikikuuliza kitu ya maana unaanza "allô, allô," halafu unakata. Barua haikatiki. Nitakuwa naandika, nampatia Vagheni, yule anaendaka Kampala kutafuta bitenge, anatia posta kule. Na juu ya kuongea na Mama: masikio yake imekuwa mizito. Simu inamuletea kelele tu ndani ya kichwa. Anasema umuandikie, mimi nitamusomea.

Mais mimi pia niko na swali. Ile adresse mupya ulituma iko na maneno "caravan park". Nilipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza wa paroisse. Alisoma, akacheka, akasema ni pahali batu banapanga nyumba za magurudumu. Nyumba ya magurudumu, Yaya? Mutu mukubwa kama wewe, baba wa batoto wawili? Ulitoka hapa kisha ya kufa ya Baba, ukalala ndani ya kambi ya Uganda miaka yote ile, dossier ikakubaliwa, ukafika Australie, na sisi tukaombesha misa ya kushukuru. Leo umerudia kambini? Hapa tunachoma matofali mpaka tunazeeka mbele ya kumaliza plafond, mais nyumba inakaa pahali pamoja na kila mutu anajua pa kukukuta. Nyumba ya magurudumu ni ya mutu anafikiri kukimbia. Unamukimbia nani?

Na Gracieuse, bibi yako, anapika wapi ndani ya hiyo gari? Batoto banalala wapi? Ulisema "tunaendelea vizuri" mara tatu katika karatasi moja. Mutu anaendelea vizuri anasema mara moja.

Jibu yote, siyo nusu.

Mudogo wako Godelive

*

Caravan park, Australie, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Godelive mudogo wangu,

Wasingya, aksanti kwa barua. Nilifurahi kuona mwandiko yako, ingali inalala upande mumoja kama wakati wa masomo. Salimia Jean-de-Dieu na batoto, na huyo wa ndege zaidi. Mimi niko muzima. Huku ni wakati wa baridi: asubuhi mabomba inaganda, saa sita jua inakuchoma shingo.

Umenichekesha na gari yako ya kukimbia. Magurudumu ya nyumba yangu iliisha pumzi zamani, batu waliiweka juu ya matofali. Haikimbii popote. Ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, jiko ya gaz na dirisha mbili. Inje nilifunga bâche, turubai ya kivuli, ndipo nakaa jioni. Choo na douche iko katikati ya camping, ya batu wote, na kila mutu anatembea na ufunguo na taulo yake mabegani. Muji yenyewe ni ya dhahabu. Ni jangwa, udongo mwekundu mpaka ndani ya mukate. Shimo ya mugodi ni kubwa, ungetia kanisa yetu kuu ndani na usione hata musalaba wake. Wakilipua mawe, vikombe inacheza mezani. Usifikiri kama ile migodi ya Manguredjipa. Hapa hakuna mutu anashika sululu. Mimi naosha malori. Gurudumu moja inanipita urefu. Nyumba za muji zimejaa bakubwa ba kampuni, sisi bengine tunakaa hapa.

Majirani ni bazee bazungu. Banavuta nyumba nyuma ya gari, banalala siku mbili, banaenda. Niliuliza mumoja kama batoto yao banajua pa kubakuta, akaona ni mchezo. Kusalimiana hakuna. Ukisema bonjour banaangalia kwanza mikono yako. Juzi chupa ya gaz ya mutu ilipotea, na patronne, mama mwenye camping, akapita mulango kwa mulango kuuliza. Kwangu tu ndiko aliomba kuingia. Ni muzee mumoja tu, jirani, anakujaka kukaa na mimi jioni, jina yake Ron, na mbwa yake. Alikuja kulala siku mbili yeye pia, gari ikakufa, hii ni mwaka wa tatu.

Gracieuse na batoto bako bazima. Masomo yao iko mbali na kazi yangu, ndiyo maana.

Sasa Mama. Umemusomea? Naomba umuulize kitu moja. Ile siku niliondoka, asubuhi, wewe ulienda kunitafutia moto, pikipiki ya kunipeleka, mimi na yeye tukabaki mulangoni wawili tu. Aliniambia nini? Mukumbushe polepole, halafu uniandikie maneno yake vile anasema, usiipambe. Niko na hamu ya kusikia namna yeye anasemaka.

Usisahau hiyo. Ingine unaweza kusahau.

Yaya wako Melchior

*

Butembo, tarehe 22 mwezi wa kenda 2024

Yaya Melchior,

Salamu za hapa. Tuko, mais hatukai vizuri. Tangu vita ilishika Kayna, muji imejaa déplacés, batu balikimbia vita. Sisi tulipokea familia moja, batu sita, wanalala salon. Ni batu ba heshima. Baba yao alikuwa na duka, leo anaomba ruhusa ya kutumia choo. Inje wako na bâche batu bamebapa, na kila nikiiangalia nakufikiri. Usikasirike. Hapa mutu anakaa chini ya bâche ni mutu alifukuzwa.

Nilimusomea Mama barua. Nilimusomea mara mbili, juu ya masikio. Alicheka juu ya bazee banavuta nyumba, akasema hao hawana bashemeji ba kubakataza? Halafu swali yako. Akavuta kitenge yake, akasema: "Nilimuambia amuogope Mungu, asisahau kwao, na asikule bitu ya batu asiojua." Ndiyo hiyo. Kisha akaniuliza kama unakonda. Nilimuambia sijui, hautumi foto.

Mais Yaya, kwa nini unatupima? Unauliza kama askari wa barrière: jina ya baba, jina ya chef wa kijiji, ulipita hapa siku gani. Mimi ni mudogo wako. Kama uko na kitu rohoni, sema.

Na kama ni kupima, na mimi nipime. Nilikutana na belle-mère yako, Mama Agar, mama ya Gracieuse, alishuka kutoka Beni juu ya kikao ya kanisa lao. Anasema Gracieuse anapigaka simu, anaongea ya batoto, ya masomo, ya bei ya nyanya. Wewe, hata jina yako haipiti mudomoni mwake. Mama Agar anauliza: "Melchior?" Gracieuse anasema: "Yuko kazi." Saa zote yuko kazi! Na yule patronne wa camping, aliingia kwako, aliona nini? Ulifika pale katika barua ukaruka. Unaruka kama mutu anavuka matope na viatu ya misa.

Tuma foto. Si foto ya lori, si foto ya jangwa. Wewe, Gracieuse na batoto, wote wanne, mbele ya hiyo nyumba. Mama anaitaka.

Mudogo wako Godelive

*

Caravan park, Australie, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2024

Godelive,

Salamu kwa wote, na kwa hao ba Kayna. Baambie baba yao asiombe ruhusa ya choo.

Huku joto ilianza. Nzi zinaingia machoni. Ba touriste bameisha, katika mustari yetu tumebaki mimi, Ron na bwana mumoja hasemi na mutu.

Foto ni hii. Ron aliipiga. Niko peke yangu, usinigombeze mbele ya kuiangalia. Iangalie vizuri, Godelive. Usiangalie nyumba. Niangalie mimi. Halafu utaniambia uliona nini, na utaniambia kile unapashwa kuniambia.

Na wewe tuma foto ya Mama. Ya sasa.

Melchior

*

Butembo, tarehe 19 mwezi wa kwanza 2025

Melchior,

Leo siandiki Yaya. Utajua kwa nini.

Noël ilipita, mwaka mupya ilipita, tuko bazima, aksanti kwa Mungu. Nimemaliza salamu.

Barua yako ilifika siku mbili mbele ya Noël. Nilitoa foto, nikaona kichwa. Kichwa ya kunyoa, inang'aa, mpaka kovu ile ya muembe... siyo, ile ulianguka na kinga, baiskeli ya Jean-de-Dieu, naiona. Na macho ile. Na "niangalie mimi", na "utaniambia uliona nini". Mutu wa kwetu akimuona mwenzake amenyoa hivyo, anauliza swali gani? Anauliza nani amekufa. Na wewe uko peke yako mbele ya mulango, bibi hakuna, batoto hakuna. Nikaketi chini. Nikasema: Gracieuse! Alikufa, na huyu muoga ameshindwa kuandika.

Nikawaza bitu yote. Kwa nini nyumba ya magurudumu. Kwa nini patronne aliingia kwako. Mungu anisamehe, nilifika hata kufikiri kwamba ni wewe ulimuua.

Siwezi kukaa na kufa ya mutoto wa mwenzangu ndani ya sanduku. Kesho yake nikapanda taxi, nikaenda Beni, kwa bazazi yake, Baba Abdias na Mama Agar. Nilifanya vile inapashwa: nilibakalisha, niliomba maji, nikatoa foto. Sikusema neno mingi. Mama Agar aliangalia kichwa yako, akaangalia mimi, akasema, "Tangu mwanzo wa mwezi hapigi simu." Halafu akaanguka. Majirani bakajaa. Kanisa ikaleta bâche na biti na wale ba chorale. Watu bakalia Gracieuse siku tatu, Melchior! Noël yao ilikuwa hiyo. Siku ya tatu bakaleta wembe. Mama Agar alikuwa amenyolewa upande mumoja tu, simu yake ikaita chini ya mukeka.

Gracieuse. "Mama, Noël njema, telefone yangu ilikufa, nilipata ingine. Kuna nini? Nani analia?"

Sitakuandikia kelele ya pale. Baba Abdias alikimbia inje na viatu yangu. Mama Agar alinishika, sikujua kama ananikumbatia ao ananipiga. Nafikiri ilikuwa yote mbili. Nusu ya kichwa iko na nywele, nusu hapana. Mimi nilikuwa katikati ya batu na foto mukononi kama mwizi.

Basi Gracieuse akasema yote. Kwamba alikuomba utoke nyumbani tangu mwezi wa pili ya mwaka jana. Kwamba alichoka na kunyamaza yako. Kwamba unatumia batoto yenu bitu, unabapigia simu kila juma, si mutu mubaya, mais kukaa na wewe ni kukaa na mulango. Haya. Nimejua. Na wewe miezi yote unaniandikia "masomo iko mbali".

Batu ba Beni banataka nilipe mbuzi juu nililiza mutu muzima. Banayo haki, na nitatoa.

Mais swali yangu ingali palepale, na inanizuia kulala. Kama Gracieuse ni muzima, na batoto ni bazima, ulinyoa juu ya nani? Tumebaki mimi na wewe katika tumbo yetu. Unaona mimi naandika, kwa hiyo siyo mimi.

Labda ni joto. Ulisema joto ilianza. Bazungu banakataka nywele juu ya joto. Yaya, niandikie kama ni joto. Nitaamini.

Mama anakusalimia.

Godelive

*

Caravan park, Australie, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Godelive mudogo wangu,

Salamu. Nasikia vita inapanda inaelekea kwenu, na kama mutapashwa kukimbia, kimbieni mapema, muache bitu.

Juu ya Beni, niombee pole kwa Mama Agar na Baba Abdias. Nilipigia Gracieuse, tuliongea kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Alinitukana, halafu akacheka, halafu akalia. Ni kweli yote alikuambia. Niliona haya kukuandikia kwamba bibi alinifukuza. Mbuzi nitalipa mimi.

Sasa kichwa. Siyo joto.

Hapa camping nyuma kuna kilima ya mawe batu ba kampuni bametupa. Ndiyo pahali pamoja réseau inashika vizuri. Saa sita ya huku ni asubuhi kwenu, saa ya ma communiqué, matangazo ya batu. Kila siku ya kupumzika napanda pale na kofia na chupa ya maji, nafungua redio ya Butembo ndani ya telefone. Si juu ya habari. Ni juu ya yule muzee anasomaka, na kikohozi yake: mbuzi imepotea, mutu ameokota carte d'électeur, kadi ya kupiga kura, kikao ya bakulima ba Kipese. Nafunga macho niko nyumbani.

Mwaka jana, mwisho wa mwezi wa tano, nilifungua akiwa katikati ya communiqué. Nikasikia: "Anaacha batoto wawili, Muyisa Melchior, kwa sasa Australie, na Godelive, hapa Rughenda. Maziko ni leo saa ine, kule Kipese. Habari hii imfikie kila mutu wa jamaa."

Kila mutu wa jamaa, Godelive.

Wewe ndiye ulipeleka karatasi redioni. Najua ni wewe, hakuna mwengine. Ulitangazia Butembo, Beni, Lubero, batu hatujui na batu hawatujui, balimusikia mpaka waendesha moto kwenye rond-point, na mimi mumoja tu ndiye ukasema nisijue. Ulisahau kwamba redio inaruka? Ulitaja hata jina yangu!

Nilikupigia pale juu ya mawe mpaka betri ikaisha. Haukushika. Nikateremuka. Saa nane nilirudi kuosha malori, juu chef alikuwa amenibadilishia saa. Nikangojea. Nilisema ataniandikia. Barua yako ikafika: "Mama anakusalimia sana. Yuko Kipese." Hapo nilianza kujiuliza kama ni mimi mwenda wazimu, kama nilisikia vibaya, kama ni jua. Nilitaka iwe jua. Ndiyo maana nilikuuliza alisema nini mulangoni.

Mama hakusema kitu, Godelive. Siku ile hakuweza kusema. Alinishika mukono ya shati, neno haikutoka, mpaka moto ikafika. Wewe ukaniandikia amuogope Mungu na asikule bitu ya batu. Nilisoma hiyo nikajua kwamba hakuna mutu wa kuuliza tena. Niliweka barua chini, nikaenda kwa Ron.

Hakuwa na wembe. Alikuwa na mashini ya kunyolea mbwa yake. Nilikaa juu ya ndoo, mbele ya nyumba yake, bwana yule hasemi na mutu akituangalia kwa dirisha. Kwetu ni mujomba anashikaka wembe, na bashangazi wako pale, na batu banaimba. Ron aliniuliza kama ni juu ya joto. Nilisema ndiyo. Sikupata neno ya Kiingereza ya kumuambia ingine. Alikuwa polepole sana masikioni, asinikate.

Nikatuma foto. Nilisema ataona, ataelewa kwamba najua, na ataniambia. Ukaona Gracieuse! Nilipoisoma ile ya nusu kichwa nilicheka peke yangu, Mungu anajua, nikacheka mpaka mbwa ikabweka, halafu nikafika chini ya barua, pale umeandika tena "Mama anakusalimia". Nilikasirika. Bado nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia hivi, hata wakati tulikuwa batoto.

Mimi ni wa kwanza wa tumbo ile. Mutu hapashwi kuokota kufa ya mama yake juu ya mawe kama carte d'électeur. Unamukalisha. Unamupatia maji. Mutu wa damu yake anamuangalia na anamuambia. Hakuna mutu aliniambia. Mwaka inakaribia kuisha na mimi bado sijaambiwa. Siwezi kulia kitu sijaambiwa, nilijaribu, inakataa.

Usinitumie salamu yake tena. Niambie, Godelive. Vile inapashwa.

Melchior

*

Butembo, tarehe 13 mwezi wa ine 2025

Yaya Melchior,

Barua hii haina salamu. Mutu anakuja na neno ya namna hii haanzi na bonjour.

Kwanza usikie kwa nini. Siku zake za mwisho alinishika mukono akasema: "Baba yenu aliuawa kwenye barabara ya Oicha akienda kilio ya shemeji yake. Melchior akisikia, atakuja. Usimuambie mpaka udongo ikauke. Mutoto wangu asikufe juu ya kilio yangu." Nilimuapia. Ndiyo maana sikushika simu: ungenisikia koo tu, ungejua.

Mais udongo ilikauka, Yaya. Kilio ilitoka, batu balirudi kwao, na kiapo yangu ilikuwa imeisha. Nilipashwa kukuambia mwezi wa saba. Yale yaliyofuata si ya Mama, ni yangu. Ulikuwa unamuuliza, na mimi nilikaa na bic mukononi nikitafuta angejibu nini, na nilimusikia. Juu ya bale bazee hawana bashemeji, sikuitunga, nilimusikia kabisa. Hapa nyumbani kila mutu anasema "marehemu Mama". Wewe peke yako, nilifikiri, ulikuwa ungali unasema "Mama" tu. Nilitaka abaki kwako muzima kidogo, juu kwangu alikuwa ameisha. Nilikuibia kilio yako. Nilijua ni wizi na nikaendelea. Communiqué, ni kweli, niliandika mimi. Nilifikiri redio inaishia Lubero.

Sasa fanya vile nitakuambia.

Ingia ndani, utoke katika jua. Kaa. Usikae kitandani, kaa kwenye kiti. Muite yule muzee Ron akae karibu na wewe, hata kama hajui maneno. Hapashwi mutu kusikia hii peke yake. Mimi sina mukono ya kufika huko, ashike yeye bega yako. Chukua maji, kunywa. Ngoja mpaka umemeza.

Umekaa?

Mimi ni Godelive, mutoto wa baba yako na wa mama yako. Nimekuja kwako wa kwanza, kama vile nilipashwa. Mama alianza kukohoa wakati wa kuvuna biazi. Tulimuteremusha Butembo, badaktari balifanya yao, hatukukosa kitu. Siku ya jumanne asubuhi aliomba nimugeuze aangalie mulango. Nilimugeuza. Aliangalia mulango, alisema jina yako mara moja, na mukono yake ilikuwa ndani ya yangu mpaka ikapoa. Tulimuzika Kipese, juu ya shamba, upande wa Baba. Udongo ya kwanza, ya mutoto wa kwanza, nilitupa mimi kwa jina yako, na nililitaja kwa nguvu, kila mutu alisikia.

Yaya, Mama yetu amekufa.

Lia sasa.